Karama ya Kiongozi na Baraza la Wazee: Rungwe, 1891–1926

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kila mtumishi azitambue karama zake na kuzitumia. Ni kweli. Lakini historia ya Rungwe yatuuliza swali lililo gumu zaidi: kiongozi afanyeje pale ambapo karama yake imewazibia njia wenzake?

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yalifika Unyakyusa. Wamoraviani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza kazi Rungwe. Walutheri wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianza Wangemannshöhe. Merensky alikuwa mzoefu. Alikuwa amefanya kazi Transvaal, na huko Botshabelo alijenga kijiji cha Kikristo ambacho mmisionari alikuwa mchungaji wake na, kwa hakika, chifu wake pia. Miongoni mwa waliomfuata Unyakyusa walikuwamo wajuzi wa lugha, wajenzi na walimu. Vipawa hivyo vilizaa matunda, wala hatuna haki ya kuvidharau. Hata hivyo, katika vituo vya pande zote mbili neno la mwisho lilikuwa la mmisionari: nani abatizwe, nani atengwe, nani akafundishe wapi. Mwalimu Mnyakyusa alibaki msaidizi.

Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg. Wamisionari wakachukuliwa kizuizini. Hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja aliyewekewa mikono. Sala, mafundisho, maonyo na maziko vikawa mikononi mwa walimu na wazee. Baadaye Waskoti wa Livingstonia, ambao ni Wapresbiteri, walichukua uangalizi wa vituo vya Walutheri na vya Wamoraviani, nao walikuja na desturi yao ya kuamua mambo ya usharika katika baraza la wazee. Tena walikuwa wachache mno. Hata wangetaka kuamua kila jambo wenyewe, wasingeweza. Nadhani uchache huo uliwafaa washarika kuliko wingi.

Wajerumani waliporudi, miaka ya 1925 na 1926, hawakukuta kondoo waliotawanyika. Walikuta wazee waliozoea kuketi, kusikiliza shauri na kutoa uamuzi. Bingwa wa Kinyakyusa sasa alipaswa kujifunza jambo lisilomo katika kamusi yake, yaani kunyamaza barazani. Haikuwa rahisi, wala haikufanyika kwa siku moja. Wenyeji walianza kuwekewa mikono katika miaka ya 1930.

Mimi mwenyewe, katika usharika wangu wa kwanza, niliiongoza kwaya kwa kuwa nilijua kusoma noti. Nilipokwenda masomoni, kazi ile ilichukuliwa na mzee mmoja aliyekuwa ameketi safu ya nyuma miaka mitatu, na ambaye sikuwahi kumwuliza lolote. Niliporudi likizoni kwaya iliimba vizuri kuliko zamani zangu. Mzee yule akanigeukia kwa heshima zote, akaniuliza: “Mchungaji, utaimba nasi sauti ya tatu au ya nne?”