Nyabingi Alivuka Mpaka Bila Karatasi

Vijana ninaofanya nao kazi wana simu, na simu zinawaletea mafundisho ya kila aina. Mmoja anasikiliza pasta wa Kinshasa usiku kucha. Mwingine anafuata mtu wa Marekani anayefundisha kufungua "jicho la tatu". Mwingine ni Rasta, hali nyama, na hataki kusikia habari ya kanisa. Katika mazungumzo yetu swali moja linarudi kila mara, limevaa nguo tofauti tu: je, fahamu ya binadamu inapanda? Yaani mababu walikuwa gizani na mizimu yao, halafu dini ikaja, halafu sayansi, na sasa kuna watu "walioamka" waliotuacha nyuma siye wengine? Wengine wanaligeuza: eti mababu ndio walikuwa wameamka, na siye ndio tumelala.

Swali hili lina historia yake, na kipande kikubwa cha historia hiyo kilipita hapa hapa Petite Barrière, fasi ambayo kila asubuhi bamama wanavuka na mboga kichwani na watu wenye ulemavu wanasukuma mizigo ya wafanyabiashara kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu. Ninaomba niisimulie, juu wengi wetu tulipita pale tukikimbia na hatukuwa na nafasi ya kuuliza kitu.

Tuanze mbele ya mpaka kuwekwa. Siku isiyo na mawingu, ukiwa Gisenyi au Goma unaona Nyiragongo upande wa kaskazini, na usiku mara nyingine anga juu yake inakuwa nyekundu. Bazee wa zamani wa Rwanda walijua mlima ule ni wa nani. Walisimulia kwamba waliokufa wana makao kwenye milima ya volkano. Aliyeingizwa katika ibada ya Ryangombe alienda kuishi naye kwa raha kule Karisimbi. Asiyeingizwa alitupwa kwenye moto wa Nyiragongo. Ryangombe mwenyewe alikuwa mwindaji, na alikufa kwa pembe za nyati.

Ibada hiyo iliitwa kubandwa, na kuna mambo mawili ndani yake ambayo ningependa kila kijana ayajue. La kwanza: Mhutu, Mtutsi na Mtwa, wote waliweza kuingia. La pili: haikujali mipaka ya wafalme. Kwa Bashi wa upande wa Bukavu anaitwa Lyangombe. Huko Burundi ibada ya namna hiyo inamjua Kiranga. Na juu ya roho hizo zote watu walimtaja Imana, Muumba. Kwa hiyo mtu akikwambia mababu hawakuwa na wazo la Mungu mmoja, wala la undugu unaopita kabila, muulize amelitoa wapi.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Kumtishia mtu moto wa Nyiragongo kwa sababu hajaingia kwenye ibada yenu ni vitisho, kama vile tunavyovisikia leo kwenye vipaza sauti siku ya Jumapili. Kutisha watu ni kazi ya zamani sana. Wamisionari hawakuileta, waliikuta.

Sasa mpaka. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, von Götzen, alipita Rwanda akapanda Nyiragongo. Mwaka 1901 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi. Halafu mwaka 1910, mjini Brussels, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikubaliana nani atachukua kilima gani. Watu walioshiriki lugha na ndoa wakajikuta katika makoloni matatu: wengine Kongo, wengine Uganda, wengine Rwanda.

Mwaka ule ule wa 1910, huko Paris, mwanafalsafa Lucien Lévy-Bruhl alitoa kitabu kuhusu akili za watu wa "jamii za chini", kama alivyowaita. Alisema fikra zao hazifuati mantiki ya Wazungu. Ni za hatua ya nyuma. Mtu huyu hakuwa mwanajeshi, na kitabu chake hakikumpiga mtu. Lakini mawazo ya namna hiyo yaliwapa watawala kitu walichokihitaji: ngazi. Juu yuko Mzungu, chini yuko mtu wa mizimu, na katikati kuna kazi ya kumpandisha.

Ndipo anaingia Nyabingi. Nyabingi ni roho ya kike iliyoheshimiwa hasa Ndorwa, eneo ambalo leo liko kaskazini mwa Rwanda na Kigezi, Uganda. Watumishi wake waliitwa bagirwa, na wengi wenye nguvu walikuwa wanawake. Aliyejulikana zaidi ni Muhumusa, ambaye alisemwa kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895. Muhumusa alimkataa Mwami Musinga, na akawakataa Wazungu waliomsaidia Musinga. Wajerumani walimkamata mwaka 1908 wakamweka Bukoba. Alipoachiliwa alianza upya. Mwaka 1911 Waingereza walimteka huko Kigezi, wakampeleka Kampala, na hakuruhusiwa kurudi mpaka alipokufa mwaka 1945. Ni zaidi ya miaka thelathini mbali na kwao. Msomaji wa kambi hahitaji kuelezwa hiyo ni nini.

Mwaka 1912, Uganda, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kupiga marufuku uchawi, na ilitumika dhidi ya watu wa Nyabingi. Angalia hesabu yao: mwanamke anayekusanya watu dhidi ya kodi na dhidi ya machifu walioletwa kutoka mbali akawekwa kwenye fungu moja na mlozi. Ukishamwita mlozi, huna haja tena ya kumjibu.

Lakini hapa pia tusijidanganye. Bagirwa walitoza watu sadaka kubwa, ng'ombe na vitu vingine, na kuna familia zilizotoa mabinti zao wawe watumishi wa Nyabingi. Kijana anayetaka kurudi "kwa mababu" anunue mzigo wote, asichague matunda yaliyo juu ya kikapu tu.

Halafu kikatokea kitu cha ajabu. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, makala moja ilichapishwa katika gazeti la Jamaika ikisema kuna jeshi la siri la Waafrika linaloitwa Nyabingi, na kiongozi wake ni Haile Selassie. Ilikuwa propaganda ya kuwatisha Wazungu. Selassie na roho ya Ndorwa hawakuwa na uhusiano wowote. Lakini maskini wa Jamaika waliisoma kwa macho mengine. Walifurahi. Rasta wa kwanza wakalichukua jina, na mpaka leo mikutano yao ya ngoma na sala inaitwa Nyabinghi. Kwa hiyo yule kijana wetu anayesikiliza ngoma za Rasta kwenye simu anarudishiwa jina lililotoka vilima vya hapa karibu, lililovuka bahari ndani ya uongo wa gazeti. Nilipowaambia hivyo vijana walicheka, halafu wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Turudi kwenye ngazi. Hapa Rwanda, Musinga alikataa kubatizwa. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa kwenye kiti, na alikufa uhamishoni Kongo mwaka 1944. Mwanaye Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Upande wa Kongo ngazi ilipewa hata karatasi. Bazee wa Goma bado wanalijua neno évolué, maana yake mtu aliyekwisha kupanda, aliyetoka kwenye hali ya wenzake. Kuanzia mwaka 1948 Mkongomani aliweza kuomba kadi ya sifa za uraia. Ili apewe, alichunguzwa: anaishi namna gani, ana mke mmoja, nyumba yake iko vipi. Fahamu ya binadamu ilipimwa kwa meza na vijiko.

Ngazi hiyo ilianza kuvunjika kutoka ndani. Lévy-Bruhl mwenyewe, katika daftari zake zilizochapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake, aliliacha wazo kwamba kuna watu wenye akili ya kabla ya mantiki. Padri Mbelgiji Placide Tempels, aliyefanya kazi Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu akisema Wabantu wana falsafa yao, na msingi wake ni nguvu ya uzima. Kati ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi mafundisho yake yalizaa kundi lililoitwa Jamaa, waliotafakari kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mwaka 1956 padri Mnyarwanda, Alexis Kagame, alionyesha kwamba falsafa hiyo imo ndani ya sarufi ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mtu, kitu, mahali, namna. Mtoto anayejifunza kuongea anajifunza pia kugawa ulimwengu.

Na kuna Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alianza kuponya na kuhubiri Nkamba, Kongo ya magharibi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amehukumiwa kifo, halafu adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka thelathini. Kanisa la wafuasi wake lilitambuliwa na serikali mwaka 1959, na mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kati ya 1921 na 1969 Kimbangu hakubadilisha mahubiri yake. Wapimaji ndio walibadilika. Ndiyo maana mimi siiamini ngazi. Kila mara mwenye kuishika ndiye anayejiweka juu.

Jambo hili haliko kwenye vitabu tu. Binti mmoja hapa kwetu alikuwa anaanguka na kutetemeka. Majirani walisema ni pepo, au ni roho ya ukoo inayodai kitu. Familia ilimpeleka kwa mhudumu mmoja wa afya, na mama akaeleza kila kitu kwa uaminifu, pamoja na habari ya roho. Mhudumu alicheka mbele ya watu, akamuuliza wanaishi karne gani. Kisha akamwandikia dawa za kifafa. Dawa zilikuwa sahihi. Lakini mama alitoka pale na aibu na hakurudi, na mtoto akaanguka miezi mingine mingi, mara moja karibu na jiko lenye moto. Aliyewarudisha ni mama mzee wa kanisa, ambaye hakubishana nao. Aliwaambia: tutasali, na dawa atameza. Leo anameza, na wanasali.

Mhudumu alikuwa na ujuzi ambao familia haikuwa nao. Mama mzee alikuwa na ujuzi ambao mhudumu hakuwa nao. Ni vigumu kusema nani kati yao "ameamka" zaidi, na kusema kweli mtoto hakuhitaji jibu la swali hilo.

Volkano nayo inatufundisha vivyo hivyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata Goma ikafika ziwani, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakiingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 jioni ikatoka tena, na usiku ule barrière zote mbili zilijaa watu. Nimesikia usiku ule ukielezwa kwa lugha tatu: hasira ya mlima, onyo la Mungu, na nyufa za ardhi ambazo watu wa Observatoire ya volkano wanazipima. Mara nyingi ni mtu yule yule anayetumia zote tatu katika masimulizi yake. Vipimo vinamwambia akimbie lini. Sala inamwezesha kukimbia bila kumwacha bibi yake nyuma. Na simulizi za zamani zinamwambia kwamba mlima huu una jina, na kwamba waliomtangulia pia waliuogopa.

Kwa vijana wenzangu: anayewauzia "kuamka", awe na msalaba, dredi au kozi ya kulipia kwenye intaneti, muulizeni anataka nini, nani anaachwa chini kwenye ngazi yake, na kama anaruhusu mgonjwa ameze dawa. Muhumusa angestahili kuulizwa hivyo, na Kimbangu pia.

Kwa ndugu wa mashirika: mnapenda neno sensibilisation, na kwa kweli mmetuletea mambo mengi ya kutuokoa. Lakini mbele ya kusensibilisa block, kaeni kwanza na bazee wawili watatu muwaulize walikuwa wanaliitaje hilo jambo, na walilifanyaje. Sisi tumeanza kuandika majibu yao kwenye daftari, kwa Kinyarwanda, Kihunde na Kiswahili. Mwezi uliopita mzee mmoja alituimbia alichokumbuka cha kubandwa, kidogo sana, kisha akatuomba tusimwambie mchungaji wake. Tuliandika bila jina.