Ukuta wa Tandika na kompyuta ya baba mdogo

Nimepotea, najua. Wiki mbili hizi majaribio yalikuwa yamefuatana kama mabehewa, halafu bumu nalo likachelewa, kwa hiyo tumeishi kwa chai na chapati mojamoja. Ila leo nina stori ndefu kidogo, vuta kiti.

Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi: kila mtu aandike historia ya kitu cha mtaani kwao, na marufuku kutegemea desa. Washkaji wengi walikimbilia Magomeni kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere, wengine wakaenda soko la Kariakoo. Mimi nikapanda daladala ya Tandika kwenda kwa baba mdogo.

Baba mdogo ni mchora mabango. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye brashi yake, sisemi hivyo kwa kumsifia, ndivyo ilivyokuwa. Nikimkumbuka nikiwa mdogo namwona kashika uzi uliopakwa chaki, mimi nimeshika ncha ya pili, anauvuta na kuuachia, paa! Ukutani unabaki mstari ulionyooka wa kukalia herufi. Halafu tunapumua harufu ya tina mpaka usiku.

Nikamuuliza: baba, hii kazi yenu historia yake naipata wapi? Hakuna kitabu, na picha hamkupiga. Akacheka, akanipeleka nyuma ya genge la mama mmoja hapo hapo mtaani. Kuna ukuta umebanduka rangi vibaya sana. Akasema, "Haya msomi, soma."

Jamani, ule ukuta ni maktaba. Juu kabisa kuna nyekundu ya Airtel. Ilipobanduka inaonekana rangi ya Zain, na chini ya Zain kuna nyekundu na njano ya Celtel. Celtel iliingia Tanzania 2001, ikawa Zain 2008, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Kwa hiyo tabaka tatu za rangi, miaka tisa, na mkono ni uleule mmoja. Vodacom nao walioanza 2000 walikuwa bluu, mwaka 2011 wakahamia nyekundu, na maduka yote ya vocha ikabidi yapakwe upya. "Matajiri wakiuziana kampuni sisi huku tunakula," ndivyo alivyoniambia. Kuna mwaka alipaka vibanda kuanzia Mtoni mpaka Mbagala, ingawa wakala aliyewapa kazi alichelewa kuwalipa miezi kibao. Hilo akilikumbuka sura inabadilika mpaka leo.

Wanaosoma akiolojia hapa chuo wanajua hii kitu: tabaka la chini ndilo la zamani. Na chini ya Celtel, pale ambapo plasta bado imeshika, kuna jicho. Jicho moja la mwanamke, nyusi imechongwa, na hereni ya duara. Zamani pale palikuwa na saluni, na baba mdogo alimchora yule dada kabla mimi sijazaliwa. Alitumia picha ya gazeti: unaichora miraba midogo juu ya picha, unachora miraba mikubwa ukutani, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Kaeni na hiyo miraba kichwani, tutairudia.

Sasa huwezi kuandika historia ya rangi za mtaani Dar ukamruka Edward Saidi Tingatinga. Mzee huyu alizaliwa 1932 kule Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha kama wazazi wetu wengi. Karibu mwaka 1968 akaanza kuchora pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, Kinondoni hiyohiyo. Hakuwa na turubai wala rangi za kisanii. Alitumia hadibodi za mraba na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoiweza. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa kama miaka minne tu! Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao.

Halafu 2010 chui na tembo wa mtindo ule wakatokea kwenye televisheni ya watoto ya BBC, kipindi kinaitwa Tingatinga Tales. Vijana waliovichora wakitumia kompyuta walikuwa Nairobi. Kutoka hadibodi na rangi ya baiskeli mpaka kwenye skrini Uingereza, ni safari kweli. Ila hapa kuna jambo linanikera. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi yenyewe, picha hii au ile, hailindi mtindo. Kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kukaa akachora kitingatinga chake, na familia ya aliyeanzisha isione hata senti. Nilipomweleza baba mdogo alinyamaza muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo hata herufi zangu?"

Turudi Tandika. Miaka ya 2000 inaelekea ukingoni, mashine za kuprinti mabango ya plastiki zikajaa mjini. Bango la siku mbili kwa brashi, mashine inalitema kwa dakika chache. Wateja wakahama. Wenzake wengine wakaenda kuendesha bodaboda. Yeye akanunua kompyuta ya mtumba na kwenda kujifunza CorelDRAW kwa kijana wa steshenari, ambaye alimfundisha kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, bonyeza hapa. Hapana mzee, siyo hapo."

Kazi ya kwanza ilikuwa aibu. Alichora nembo ya duka kwenye karatasi, akaipiga picha, akaipeleka kuprintiwa bango la mita tatu. Ikapasuka, yaani ikawa vipande vipande vya mraba. Mteja akagoma. Kijana akamweleza kwamba picha ya kompyuta imejengwa kwa miraba midogo, ukiikuza sana miraba inaonekana, ila mchoro wa mistari inayokokotolewa unaweza kuukuza uwe mkubwa kama ghorofa na usipasuke. Baba mdogo akamkatiza: miraba? Mimi nimefanya kazi ya miraba tangu kijana! Kuanzia siku hiyo, anasema, mashine haikumtisha tena.

Sasa kwa nini naandika leo na siyo wiki ijayo? Mwenye kiwanja ameuza, ule ukuta unavunjwa, zinajengwa fremu za maduka. Jumamosi tulikwenda na simu yangu tukaupiga picha kipande kwa kipande, jicho, hereni, na maandishi ya chini kabisa ambayo ni ya mkono wake kabla ya kampuni zote. Mama wa genge alituona vichaa, akatupa mihogo ya bure.

Usiku tukakaa kwenye kompyuta. Kuna programu ya bure inaitwa FontForge, inakuwezesha kutengeneza herufi zako mwenyewe. Tunazifuatisha zile za ukutani moja moja, ziwe herufi mtu anaweza kuchapia. A mpaka F zimekubali. Kwenye g tumegombana kabisa. Mimi nasema mkia wake ni mrefu mno, utagonga mstari wa chini yake, yeye anasema mkia ule ndio sahihi yake na wateja wa Temeke nzima walikuwa wanaujua. Nimerudi chuo, ameniambia nisiiguse mpaka Jumapili.