Nyota ya Alfajiri na Mawe ya Lamu

Nahodha wa Lamu au Pate, aliyetweka tanga kwenda Arabuni kwa kusi na kurejea kwa kaskazi, alizifuata nyota usiku. Lakini Zuhura, ijapokuwa yang'aa kuzipita zote, haikumfaa kuwa dira. Mara huonekana magharibi jua likisha kuchwa, mara mashariki kabla ya alfajiri, na usiku wa manane haionekani kamwe. Sababu ni kwamba huzunguka jua kwa ndani kuliko dunia yetu, basi haiwezi kwenda mbali nalo.

Kwa kuwa ukubwa wake wakaribia ule wa dunia, wataalamu wa Ulaya waliiita pacha wetu. Mwaka 1761, ilipopita mbele ya jua, Mrusi Lomonosov alitambua kuwa ina hewa. Mawingu yake hayana mwanya. Basi kila mtu alitia chini yake alichotaka, huyu bahari, yule mabwawa na misitu. Kilichofichika huzaa maneno mengi!

Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu nayo kikakuta dalili za joto kali. Mwaka 1970 chombo cha Kirusi, Venera 7, kilitua, kikaleta habari kwa dakika 23 hivi, kisha kikanyamaza. Joto la huko ni kiasi cha digrii 460. Bildi ya risasi, ambayo nahodha hupimia kina cha maji, ingeyeyuka. Hewa yake hulemea kama maji ya kina cha mita 900, na mvua ya asidi hukauka kabla haijafika chini. Mlima wake Maxwell, wa kilomita 11 hivi, wakaribia kuwa Kilimanjaro mbili.

Kwa nini joto hilo? Ukaribu wa jua peke yake hautoshi, maana Utaridi iko karibu zaidi wala haifikii hapo. Katika hewa ya Zuhura, sehemu 96 kwa 100 ni hewa ya ukaa, nayo huzuia joto lisitoke. Hapa duniani sehemu kubwa ya hewa hiyo ilimezwa na bahari, na viumbe wadogo wa baharini wakaigeuza kuwa matumbawe. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe hayo. Mtoto aegemeapo ukuta wa kwao ameegemea hewa iliyokuwa jiwe. Na mawe yayo hayo yakichomwa tanuuni ili kupata chokaa, hewa ile hutoka ikarudi angani.