Mnazi Hauandiki Karatasi ya Mshahara

Juma lililopita nilikwenda Kerege kumjulia hali shangazi yangu. Miaka kadhaa iliyopita mwanawe, aliyekuwa akiuza madafu kando ya barabara ya Bagamoyo, aligongwa na lori akafa papo hapo. Matanga yalipokwisha shangazi alikwenda kudai fidia. Karani wa bima akamwuliza, "Bibi, karatasi za mshahara za marehemu ziko wapi?" Shangazi akajibu, "Mwanangu, mnazi unaandika karatasi ya mshahara?"

Nilidhani ni ukorofi tu wa karani. Kumbe swali lile limesafiri mbali.

Wazee wetu wa pwani waliijua dia kabla Mzungu hajajenga mahakama hapa. Sheria ya Kiislamu iliweka ngamia 100 kwa mtu aliyeuawa bila kukusudiwa, wakabidhiwe warithi wake. Haikuuliza marehemu alikuwa na kazi gani.

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1808 katika kesi ya Baker na Bolton, gari la farasi la abiria lilipinduka, na mke wa Baker akafa kiasi cha mwezi mmoja baadaye. Jaji Ellenborough alitamka kwamba kifo cha binadamu hakiwezi kudaiwa katika mahakama ya madai. Mume alipewa pauni 100 kwa maumivu yake mwenyewe na kwa kumkosa mkewe hadi siku aliyokata roho. Baada ya siku hiyo, hakuna kitu. Yaani ukimvunja mtu mguu unalipa, ukimwua umesalimika!

Reli ndiyo iliyowaamsha. Mkesha wa Krismasi wa 1841, treni iliyobeba mafundi waashi waliokuwa wakirudi makwao ilipata ajali Sonning, watu wanane wakafa palepale. Vifo vya namna hiyo vikazidi, na mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria ya Lord Campbell: mke, mume, mzazi na mtoto wa marehemu waweze kufidiwa. Lakini mwaka 1852 majaji wakaamua kwamba kinacholipwa ni riziki iliyopotea, machozi hayahesabiwi.

Tanganyika ilitungiwa sheria yake ya namna hiyo mwaka 1955, chini ya Waingereza. Leo ni Sura ya 310 ya sheria zetu. Ndiyo maana karani anataka kujua marehemu alileta nini nyumbani, na mwenye ajira ana jibu tayari.

Shangazi hakukata tamaa. Alihangaikia kwanza usimamizi wa mirathi, nauli ya Bagamoyo mjini ikimla, kisha akamfuata mwenye duka jirani. Huyo alikuwa na daftari la madeni: sukari, unga, mafuta ya taa, kila Ijumaa limeandikwa jina la kijana na neno "kalipa". Mahakamani, aliniambia, hakimu alilifungua akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na wakili wa upande wa pili hakuuliza tena habari za mshahara.