Alama za kuonyesha vipandikizi zinazoyeyuka mwilini
WAVU wa plastiki ambao madaktari hushonea mgonjwa wa ngiri hauonekani vyema katika picha za MRI. Mashine hiyo ya sumaku hunasa mawimbi ya haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili, plastiki haiyatoi.

Ili kutatua tatizo hilo, wataalamu hutia chembechembe za oksidi ya chuma katika nyuzi. Chembe hizo huvuruga nguvu za sumaku na kuacha doa jeusi pichani. Hivyo, daktari hutambua iwapo wavu umesogea au kujikunja bila kumpasua mgonjwa tena.

Alama za platinamu hubaki mwilini daima. Zile za chuma, zikitiwa katika kipandikizi kinachoyeyuka, huvunjwavunjwa, na mwili hutumia madini yake kuunda damu.