Jalada la Bendi Isiyokuwapo

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha aliyoichora mwenyewe, akataka nimwambie kama yafaa kutundikwa katika maonyesho ya chuo. Ilikuwa picha ya jalada la santuri ya bendi ambayo haikupata kuwapo duniani. Wanamuziki wanne wamesimama juu ya weusi mtupu, na kila mmoja amejengwa kwa miraba midogo ya rangi, mithili ya viumbe wa ile michezo ya mashine za sarafu iliyoenea ulimwenguni katika miaka ya 1970 na 1980. Nilimsifu kwa wepesi wa mkono wake, kisha nikamwambia kwamba picha ni nzuri lakini si ya kweli. Aliudhika, na haki ya kuudhika alikuwa nayo, kwa maana sikumweleza. Haya yafuatayo ndiyo maelezo aliyokuwa akinidai.

Kwamba bendi haipo si aibu. Katika mwaka wa 1967 Beatles wa Uingereza walijivika joho la bendi ya kubuni, ile ya Sajini Pepper, na jalada walilotengenezewa na Peter Blake na Jann Haworth likapata sifa karibu sawa na nyimbo zenyewe. Miaka miwili baadaye wimbo wa “Sugar, Sugar” ulivuma kwa jina la The Archies, ambao walikuwa vikatuni tu. Kwa hiyo mwanafunzi wangu yumo katika ukoo mkubwa.

Lakini jalada lenyewe lina umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, santuri kwa kawaida zilivikwa mifuko ya karatasi isiyo na pambo la maana. Aliyegeuza desturi hiyo ni kijana mmoja wa New York, Alex Steinweiss, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Columbia. Mwaka 1940 alitengeneza jalada la nyimbo za Rodgers na Hart kwa kupiga picha ya kibao cha taa cha ukumbi wa tamthilia, maandishi ya taa yakiwa yamebadilishwa yataje santuri hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: muziki hauonekani, na mnunuzi huanza kununua kwa macho.

Sasa tuitazame mashine. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, huko Japani, alitoa mchezo wa Space Invaders. Wavamizi hamsini na watano, safu tano za kumi na mmoja, hushuka polepole kumkabili mchezaji. Kila mmoja ana kimo cha vitone vinane tu; kwa vitone hivyo Nishikado alipaswa kufanya pweza, kaa na ngisi. Kioo kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, na rangi ilipatikana kwa kubandika juu yake vipande vya karatasi ipitishayo nuru. Hata ile kasi iliyowatoa watu jasho, ya wavamizi kuzidi mbio kadiri wanavyopungua, ilitokana na udhaifu: kompyuta ilielemewa na kuchora wengi, wakipungua hupumua. Nishikado aliona, akaacha hivyo hivyo.

Je, mtu aliyeingia ukumbini mwaka huo aliona nini kwanza? Hakuona vitone. Aliona kabati refu la mbao, na ubavuni mwake, katika mashine zilizouzwa Marekani, mazimwi makubwa yenye manyoya, ambayo ndani ya kioo hayamo kabisa. Mwaka 1980 ulikuja Pac-Man, uliobuniwa na Toru Iwatani wa Namco. Kiooni shujaa ni duara la manjano lililomegwa mdomo, ndani ya mraba wa vitone kumi na sita kwa kumi na sita; kwenye kabati la Marekani ana macho, ana miguu, anakimbia. Aghalabu aliyemchora hakutia jina lake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kwa mwanafunzi. Kabati na jalada ni ndugu: vyote viwili viliwekwa kutangaza kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, au likikiona linakiona kidogo mno. Msanii wa leo anayechora jalada kwa miraba huchukua kile ambacho wachoraji wa zama zile walilipwa kukisitiri, akakiita sura ya zama zile. Wachoraji wenyewe huwasahau.

Tena sikio lilitangulia jicho. Yellow Magic Orchestra, Wajapani watatu, waliingiza milio ya mashine hizo katika santuri yao ya kwanza mwaka 1978. Lakini jalada la toleo la Marekani la mwaka 1979 lina mwanamke aliyechorwa vizuri, kichwani ana nyaya mahali pa nywele. Sauti ya mashine waliiona ni pambo. Mraba bado ulikuwa upungufu. Nao Buckner na Garcia walipotoa “Pac-Man Fever” mwaka 1982, kampuni ilikuwa Columbia ile ile ya Steinweiss.

Mwanafunzi alisikiliza yote, kisha akasema: “Mwalimu, mimi sikuchora walichokiona. Nimechora kilichobaki.” Nakiri neno hilo lilinikwama kooni kwa siku kadhaa. Makabati mengi yamevunjwa, ubao umeoza, ilhali pweza wa vitone vinane angali anatambulika na watoto wasiopata kuugusa mchezo wake. Yamkini kilichokuwa dhiki kimedumu kwa sababu hakikuwa na nyama ya kuoza. Hata hivyo sikuridhika, kwani mwanahistoria akikubali kwamba kilichobaki ndicho kilichokuwapo, kazi yake imekwisha.

Baada ya wiki mbili alirudi. Mbele ya jalada hakugusa kitu. Miraba ilikuwa pale pale. Nyuma yake alikuwa amechora kwa brashi wanamuziki wale wale wanne, safari hii wana nyama, jasho na viatu, wanakimbia kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika jina lake.