Kufurahia na kutathmini burudani

Kufurahia burudani ni kupata raha kwa kutazama au kusikiliza ngoma, wimbo, filamu, mchezo wa kuigiza au onyesho lingine lolote. Kutathmini burudani ni kutoa hukumu kwamba kazi hiyo ni nzuri au mbaya kwa kufuata vigezo fulani. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja, kwa kuwa mtu husifu kile kilichomfurahisha. Hata hivyo yanaweza kutengana. Mtu anaweza kuicheka na kuipenda filamu ambayo yeye mwenyewe anakiri kwamba imetengenezwa vibaya. Mwingine anaweza kukubali kwamba mwimbaji fulani ni fundi, ilhali hapendi kumsikiliza.

Katika Afrika ya Mashariki tofauti hiyo huonekana vizuri katika mashindano ya ngoma, hasa yale ya Wasukuma wa kusini na magharibi mwa Ziwa Viktoria. Huko wingi wa watazamaji umekuwa ndio unaoamua mshindi.

Maneno na maana

Katika Kiswahili vitenzi "kupenda", "kufurahia" na "kuburudika" hueleza hali ya mtazamaji mwenyewe. Anayesema "nimeipenda ngoma hii" hawezi kubishiwa, kwa sababu anaeleza kilichomo moyoni mwake. Maneno "kutathmini", "kuhakiki" na "kuhukumu" hueleza kazi inayotazamwa. Anayesema "ngoma hii ni nzuri" anaweza kuulizwa sababu, na anaweza kupingwa.

Neno "nzuri" lenyewe hutumika kwa maana zote mbili, na hapo ndipo mabishano mengi yanapoanza. Mmoja akisema wimbo ni mzuri kwa maana ya kwamba umemchangamsha, mwenzake anaweza kumjibu kwamba mashairi yake hayana maana. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, maana hawazungumzii jambo moja.

Methali nazo zinavuta pande mbili. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" huchukulia kwamba kitu bora huvuta watu chenyewe, hivyo kupendwa ni ushahidi wa ubora. "Debe tupu haliachi kuvuma" huonya kwamba kelele na umaarufu si dalili ya kuwa na kitu ndani.

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma

Bagalu na Bagika

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Wachezaji wao wa ngoma wamegawanyika tangu zamani katika jamii mbili zinazoshindana, Bagalu na Bagika. Mapokeo yanasema zilianzishwa katika karne ya 19 na wacheza ngoma wawili waliokuwa mahasimu: Gumha kwa upande wa Bagalu na Ngika kwa upande wa Bagika. Kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba yeye ndiye bora. Wafuasi wao waliendeleza ushindani huo, na vikundi vingi vya ngoma vikajihesabu kuwa vya upande mmoja au mwingine.

Mashindano hufanyika hasa baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, watu wakiwa na chakula na nafasi. Yanajulikana pia kwa sherehe ya Bulabo, inayofanyika wakati wa sikukuu ya Ekaristi katika eneo la Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Huko Bujora padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma.

Jinsi mshindi anavyopatikana

Katika mashindano ya jadi vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kusimama popote na kuhama wakitaka. Kikundi kinachokusanya umati mkubwa zaidi ndicho kinachoshinda. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Miguu ya watazamaji ndiyo inayopiga kura.

Utaratibu huo umewafanya wachezaji kubuni mbinu nyingi za kuvuta macho. Wengine hutumia sanamu za mbao, mavazi ya ajabu, wanyama au vituko vya kuchekesha. Wachezaji wa bugobogobo, ngoma iliyotokana na vikundi vya kulima pamoja, hurusha majembe juu na kuyadaka huku wakifuata mapigo. Wacheza nyoka, wanaoitwa Bayeye, hucheza na chatu. Mtunzi na mwimbaji, anayeitwa ningi kwa Kisukuma, hutafuta maneno makali ya kumkejeli mpinzani ili watu waliosimama upande wa pili wageuke kusikiliza.

Suala la dawa

Kwa nje utaratibu huo unaonekana kuondoa kabisa tofauti kati ya kufurahia na kutathmini: kinachopendwa na wengi ndicho bora. Lakini Wasukuma wenyewe hawakuelewa jambo hilo kwa urahisi hivyo. Tangu wakati wa Gumha na Ngika, ushindi umehusishwa na dawa zinazotolewa na waganga kwa ajili ya kuvuta watu. Viongozi wa ngoma walithaminiwa kwa ujuzi wao wa dawa sawa na ujuzi wa kucheza, na kuingia katika Bagalu au Bagika kulihusu kupokea dawa za upande huo.

Imani hiyo ina maana kubwa kwa mada hii. Ikiwa umati unaweza kuvutwa na dawa, basi kuwepo kwa umati hakuthibitishi kwamba wachezaji ni bora kwa kucheza. Mtu aliyeshindwa angeweza kusema kwamba kikundi chake kilicheza vizuri zaidi, ila mpinzani alikuwa na dawa kali. Kwa hiyo hata mahali ambapo kura ya miguu ilikubaliwa kuwa hukumu ya mwisho, watu waliendelea kutenganisha maswali mawili: nani amevuta watu, na nani anajua kucheza.

Magharibi mwa ziwa

Buseresere ni kata ya Wilaya ya Chato katika Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012. Eneo la Geita na Chato ni sehemu ya nchi ya asili ya Wazinza, lakini Wasukuma wengi walihamia huko katika karne ya 20 wakitafuta mashamba na malisho. Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo iliwahimiza kuhamia Geita baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa sababu ardhi ya asili ya Wasukuma ilikuwa imejaa watu na mifugo. Walihama pamoja na ngoma zao.

Uchimbaji wa dhahabu umeleta katika ukanda huo watu wa makabila mengi. Jambo hilo hubadilisha hadhira. Mtazamaji asiyejua Kisukuma anaweza kufurahia majembe yanayorushwa na mapigo ya ngoma sawa na mtu mwingine yeyote. Hawezi kupima utunzi wa ningi, kwa kuwa fumbo na kejeli zake zimo katika lugha. Umati wa namna hiyo ukiamua mshindi, kinachoonekana hupata uzito kuliko kinachosemwa.

Mashindano yenye waamuzi

Baada ya uhuru ngoma za makabila zilipandishwa kwenye majukwaa ya taifa, ya shule na ya sherehe za serikali. Bugobogobo ni kati ya ngoma zilizochukuliwa na vikundi vya taifa. Kwenye jukwaa onyesho huwa la dakika chache, watazamaji wamekaa vitini, na kikundi kimoja hucheza baada ya kingine. Mtazamaji aliyekaa kitini hawezi kupiga kura kwa miguu, kwa hiyo hukumu huhamia kwa waamuzi.

Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, hujumuisha pia ngoma na kwaya. Waamuzi hutoa alama kwa mambo kama mavazi, mpangilio, sauti na ujumbe. Faida yake ni kwamba walioshindwa wanaweza kuonyeshwa walipokosea. Hasara yake ni kwamba vikundi hujifunza kuwafurahisha watu wachache wenye kalamu, na kikundi kilichoamsha uwanja mzima kinaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mashindano ya kutafuta vipaji kwenye televisheni, kama Bongo Star Search, huchanganya njia zote mbili: waamuzi hutoa maoni yao na watazamaji hupiga kura kwa simu. Pande hizo zinapotofautiana, mabishano kuhusu nani alistahili kushinda huendelea muda mrefu.

Ushairi na ngoma za pwani

Kwenye pwani ya Waswahili ushindani wa ngoma ulikuwa pia ushindani wa hadhi. Katika ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani hadi bara mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo. Mtu alisifu chama chake kwa sababu kilikuwa chake. Sifa hiyo haikuwa raha tupu wala tathmini tupu. Ilikuwa uaminifu kwa kundi.

Ushairi wa Kiswahili ulikuwa na vigezo vilivyoandikwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri", kitabu kinachoeleza kanuni za vina na mizani. Kwa kanuni hizo shairi liliweza kupimwa hata na mtu asiyelipenda. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani ya "Kichomi" yenye mashairi huru yasiyofuata vina na mizani. Mjadala mkali ulizuka. Wapo waliosema kwamba tungo hizo zinaweza kupendeza lakini si mashairi. Wengine walijibu kwamba vigezo vyenyewe ndivyo vilivyohitaji kupanuliwa. Mjadala huo ulionyesha kwamba tathmini hutegemea kanuni, na kanuni nazo hutathminiwa.

Filamu

Katika vibanda vya video, ambavyo huitwa pia vibanda umiza, filamu za kigeni zimeonyeshwa kwa miaka mingi zikiwa na sauti ya mfasiri anayeeleza kwa Kiswahili na kuongeza mizaha yake. Nchini Tanzania mfasiri aliyejulikana sana alikuwa Lufufu, na nchini Kenya DJ Afro. Kwa njia hiyo filamu ya kawaida kabisa huweza kuwa burudani kubwa. Watazamaji humfurahia mfasiri, na ubora wa filamu yenyewe huwa jambo la pembeni.

Nchini Uganda filamu "Who Killed Captain Alex?" (2010) ya Nabwana I.G.G. ilitengenezwa katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo sana. Milipuko na damu zake ni bandia waziwazi, na sauti ya mtangazaji VJ Emmie husikika ikishangilia matukio. Imependwa katika nchi nyingi kupitia intaneti. Wengine huisifu kwa ubunifu na juhudi za watengenezaji, wengine huifurahia kwa kasoro zake. Hizo ni namna mbili tofauti za kupenda, ingawa watazamaji wote hucheka pamoja.

Kupendwa na maadili

Aina ya tatu ya hukumu haihusu raha wala ustadi, bali maadili. Nchini Tanzania Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina mamlaka juu ya kazi za sanaa. Novemba 2018 baraza lilipiga marufuku wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa madai kwamba maneno yake yanakiuka maadili. Desemba mwaka huohuo wasanii hao waliuimba kwenye tamasha jijini Mwanza, na baraza likawazuia kufanya maonyesho. Baadaye waliruhusiwa tena.

Katika tukio hilo baraza halikusema kwamba wimbo haukupendwa, na mashabiki waliouimba hawakuwa wametoa hoja kwamba ni utunzi bora. Kila upande ulitumia kipimo chake.

Mitazamo ya wanafalsafa

Mwaka 1757 David Hume wa Uskoti aliandika kwamba ladha za watu hutofautiana, lakini kuna wahakiki wanaostahili kusikilizwa kuliko wengine: wenye akili nzuri na hisia makini, waliozoea kazi nyingi, wanaolinganisha na wasio na upendeleo.

Immanuel Kant wa Ujerumani, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alitenganisha kinachompendeza mtu na kilicho kizuri. Anayesema kwamba kitu kinampendeza hujisemea mwenyewe. Anayesema ni kizuri huwatarajia wengine wote wakubaliane naye.

Mwaka 1979 Pierre Bourdieu wa Ufaransa alipinga wazo kwamba hukumu ya ladha husimama peke yake. Kwa maoni yake, kile ambacho watu hukiita "bora" hufuata malezi, elimu na tabaka lao, na hutumika kuwatenga wengine.

Umuhimu

Tofauti hii ina matokeo kwa wasanii. Anayehukumu kwa wingi wa watu humlipa msanii anayejua kuvuta macho mara moja. Anayehukumu kwa vigezo humlipa anayetimiza vigezo. Ufundi unaohitaji muda ili kueleweka, kama mafumbo ya ningi, unaweza kupotea kwa njia zote mbili: umati usioelewa lugha hupita, na mwamuzi asiyeelewa lugha hana pa kuandika alama.

Kwa mtazamaji wa kawaida, kutenganisha mambo hayo humpa uhuru. Anaweza kufurahia kitu bila kulazimika kukitetea, na anaweza kukiheshimu kitu bila kulazimika kukipenda.